Flashi au LED: Taa Ipi Inamlipa Muuza Bidhaa wa Kariakoo?

Muuza viatu wa Mtaa wa Kongo ana wateja Mbeya na Mwanza wasiowahi kukanyaga fremu yake. Wanachagua kwa picha za Instagram na WhatsApp, wanalipa kwa simu, mzigo unapandishwa basi. Picha mbaya inamnyima riziki. Kabla ya kununua taa ajiulize: napiga kwa simu au kwa kamera?

Kwa simu: LED. Flashi za studio hazioani na simu nyingi, hela itapotea bure. LED inaonyesha kivuli kabla hujapiga, na kwa kuwa kiatu hakitikisiki, simu ikiwa kwenye stendi hata taa ya nguvu ndogo inatosha. Taa ya duara ni nafuu, ila kwenye saa au chupa ya manukato huacha duara jeupe. Soma boksi: CRI, yaani kipimo cha usahihi wa rangi, iwe 95 au zaidi, la sivyo rangi ya kitenge itadanganya na mteja atarudisha mzigo.

Kwa kamera: flashi ya kubandika. Godox TT600, kwa mfano, huuzwa nje kwa takriban dola 65; hapa jumlisha usafiri na ushuru. Inatumia betri 4 za AA, hivyo umeme ukikatika kazi inaendelea. Ongeza triga ya kuiwasha flashi ikiwa mbali na kamera, stendi na mwavuli mweupe. Flashi kubwa ya studio mwachie anayepiga nguo zikiwa zimevaliwa.

Kulainisha mwanga. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachokuja na baadhi ya flashi hakilainishi kivuli, kwa sababu ni kidogo. Mwanga hulainika uso wake ukiwa mkubwa na ukiwa karibu na bidhaa. Softboksi, yaani boksi la kitambaa linalofungwa mbele ya taa, ya sentimita 60 kwa 90 ikae karibu na pochi kadiri fremu ya picha inavyoruhusu. Ukiirudisha nyuma kutoka mita 1 hadi 2, mwanga unabaki takriban robo na kivuli kinakuwa kikali. Kitambaa cheupe cha pamba kilichotandazwa mbele ya taa, pamoja na manila nyeupe upande wa pili, hufanya kazi ileile kwa bei ya chini kabisa.

Dukani, iwe Kariakoo au Posta, nenda na bidhaa yako uipige palepale. Kama ni LED, iache iwake dakika kumi, kisha dai waranti na risiti ya EFD. Mtaji ukiwa mdogo, nunua kitambaa, manila na stendi imara kwanza. Taa ya bei kubwa isubiri faida.