Nauli ya Tramu: Nani Hushuka Bei Inapopanda?

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tumezoea kuitumia methali hii tunapohimizana kuweka akiba, lakini kwa mwenye kipato kidogo kibaba hicho humwagika vilevile, haba kwa haba. Mwezi Julai 1953, katika jiji la Calcutta, India, kampuni ya tramu iliyomilikiwa na Waingereza iliongeza paisa moja tu katika nauli ya daraja la pili. Abiria wengi walikataa kuitoa, wakamkabidhi kondakta nauli ile ile ya zamani. Mzozo uligeuka ghasia, mabehewa yakachomwa moto, na mwishowe nyongeza ikasitishwa.

Huenda msomaji akauliza: paisa moja ni kitu gani? Kwa kibarua aliyekwenda kazini na kurudi kila siku, ilikuwa ni paisa mbili kwa siku, siku zote za kazi, kutoka katika fungu lile lile la chakula cha watoto.

Wenye kampuni nao wana hesabu yao. Mwaka 1968 John Curtin, wa kampuni ya ushauri ya Simpson & Curtin ya Marekani, alieleza kanuni ambayo bado hutajwa hadi leo: nauli ikipanda kwa asilimia 10, abiria hupungua kwa takriban asilimia 3. Tuchukulie abiria 100 waliokuwa wakilipa 100 kila mmoja. Mapato yalikuwa 10,000. Nauli ikiwa 110 na abiria wakabaki 97, mapato ni 10,670. Kampuni imepoteza watu, lakini imepata fedha. Ndiyo maana kupandisha nauli huwa ni kishawishi kikubwa.

Hata hivyo, hesabu hiyo haituambii wale watatu walioshuka ni akina nani. Mwenye gari atarudi kwenye gari lake. Asiye nalo atatembea kwa miguu, au ataahirisha safari ya kumjulia hali mgonjwa. Aidha, kadiri miaka inavyopita hasara ya abiria huongezeka, kwani watu huhama makazi, hubadili kazi, au hununua chombo chao wenyewe.

Je, dawa ni kufuta nauli kabisa? Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ulifanya hivyo tarehe 1 Januari 2013 kwa wakazi wake waliosajiliwa, katika tramu na mabasi. Watafiti waliopima matokeo ya awali waliona kwamba ongezeko la abiria lililotokana na kufutwa kwa nauli lilikuwa takriban asilimia 1.2 tu, na wengi walioongeza safari walikuwa watembea kwa miguu, si wenye magari. Lakini katika mtaa wa Lasnamäe, wenye wakazi wengi wa kipato cha chini na wasio na ajira, ongezeko lilikaribia asilimia 10. Kwa hiyo aliyenufaika zaidi ni yule ambaye nauli ilikuwa ikimzuia.

Vienna, nchini Austria, ilishika njia ya kati. Mwaka 2012 bei ya tiketi ya mwaka mzima ilishushwa kutoka yuro 449 hadi 365, yaani yuro moja kwa siku, huku tiketi ya safari moja ikipandishwa na maegesho ya kulipia yakipanuliwa. Waajiri nao walitakiwa kuchangia yuro 2 kwa wiki kwa kila mfanyakazi. Wenye tiketi za mwaka, ambao hawakufika 400,000 kabla ya hapo, walizidi 800,000 mwaka 2018.

Tunachojifunza ni kwamba gharama ya tramu haifutiki. Huhamishwa tu kutoka bega moja hadi jingine. Hivyo, popote wakubwa wanapokutana kujadili nauli, wasiishie kuuliza mapato yatakuwa kiasi gani. Waulize pia ni nani atakayeachwa kituoni, na mzigo huo ni nani mwenye uwezo wa kuubeba.