Mama Mjamzito na Hamu ya Udongo

Katika masoko mengi ya Afrika Mashariki huuzwa vipande vya udongo mkavu, ambavyo baadhi ya wajawazito huvitafuna ili kutuliza kichefuchefu. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Hata hivyo, udongo hauuponyi upungufu huo. Chembe zake huweza kuyanasa madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na mara nyingine huwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi.

Mama mwenye upungufu wa damu akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake huwa hatarini. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito apewe miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kila siku. Maharage, dagaa na machungwa husaidia. Basi hamu ya udongo isichekwe, bali iwe sababu ya kwenda kliniki kupimwa damu.