Kabla ya kuagiza dawa kutoka ng'ambo

Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari hununua dawa kila mwezi, mara nyingi kwa maisha yake yote. Si ajabu basi kwamba wengi huniuliza: "Daktari, nina ndugu anayekwenda India. Nimtume aniletee dawa?"

Kabla hujamtuma, itazame pakiti uliyo nayo. Ina majina mawili. Moja ni la biashara, ambalo kampuni imejichagulia. La pili ni la dawa yenyewe. Kwa mfano, Norvasc ni jina la biashara. Dawa iliyomo ni amlodipini.

Kampuni inayovumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa miaka 20. Muda huo ukiisha, kampuni nyingine huweza kuitengeneza, na kwa kuwa hazikugharimia utafiti wa kwanza, huiuza kwa bei nafuu. India ilitangulia katika kazi hii kwa sababu sheria yake ya 1970 haikutoa hataza kwa dawa zenyewe hadi 2005. Dawa zake nyingi zinauzwa humu nchini. Huenda unayotaka kuagiza Mumbai imo katika duka la dawa mtaani mwako.

Kuagiza kuna hatari. Kwanza, jina la biashara laweza kukupoteza. Flomax nchini Marekani ni dawa ya tezi dume, lakini nchini Italia jina hilo limetumiwa kwa dawa ya uvimbe na maumivu. Pili, insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwa nyuzi 2 hadi 8. Joto la safari huiharibu. Tatu, dawa ambayo haijasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu haijakaguliwa hapa.

Ufanye nini? Mwombe daktari akuandikie dawa kwa jina lake halisi. Mwulize mfamasia bei ya kila kampuni. Lakini ikiwa unatumia dawa za kifafa, usibadilishe kampuni bila kumwona daktari.

Na bei ikikushinda, sema. Usimeze dawa leo na kuiruka kesho ili idumu. Shinikizo la damu mara nyingi haliumi, lakini huleta kiharusi, na gharama ya kiharusi hupita ya vidonge vyote ulivyookoa.