Ugonjwa wa sukari: ukipunguza bugali, mwambie mganga



Swali moja linarudi kila mara katika dispanseri: "Nimesikia kwamba mwenye ugonjwa wa sukari akiacha bugali, akala nyama, samaki na mboga tu kama watu wa zamani kabisa, anapona na kutupa dawa. Ni kweli?"

Jibu letu ni hili. Kupunguza bugali kunasaidia kweli. Kutupa dawa bila kupimwa ni hatari. Na kupunguza bugali huku unameza dawa ile ile, kisha unashuka shimoni, kunaweza kukuua. Tuyaeleze moja kwa moja.

1. Sukari ya damu inatoka wapi?

Wengi wanafikiri ni sukari ya chai peke yake. Sivyo. Bugali, fufu, mchele, viazi, ndizi za kupika, mkate na mandazi vina wanga, na tumbo linaugeuza wanga kuwa sukari. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, zaidi ya gramu 80 ni wanga. Mtu wa kazi nzito anayekula bugali ya gramu 200 za unga anaingiza mwilini wanga wa gramu 160 na zaidi. Hiyo ni sawa na vijiko 40 vya chai vya sukari, hata kama hakuonja utamu wowote.

Kwa mtu mzima wa afya, kongosho linatoa insulini, na insulini inafungua mlango ili sukari iingie katika nyama za mwili na kutoa nguvu. Kwa mgonjwa, insulini ni kidogo au haifanyi kazi vizuri. Sukari inabaki katika damu, na polepole inaharibu macho, figo, mishipa na miguu. Mtu akipimwa kabla ya kula asubuhi, akakutwa na miligramu 126 au zaidi katika desilita ya damu, na kipimo cha pili kikathibitisha, ana ugonjwa wa sukari.

2. Watu wa zamani walikula nini?

Hapa kwetu Kivu ya Kaskazini tuna ushahidi wetu. Huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akakuta vyusa vya mfupa na mifupa ya samaki, vitu vya watu walioishi hapo yapata miaka 20,000 iliyopita. Watu hao walivua na kuwinda. Hawakujua muhogo wala mahindi, kwa sababu mimea hiyo ilitoka Amerika na kuletwa Afrika na Wareno tangu karne ya 16.

Lakini tusidanganyane. Wahadza wa ziwa Eyasi, Tanzania, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kuokota, wanakula pia mizizi ya porini, ubuyu na asali. Tena wanatembea mwendo mrefu kila siku. Kwa hiyo siri ya watu wa zamani si nyama tupu. Hawakuwa na soda, mandazi wala unga uliosagwa laini, na hawakukaa kitako siku nzima.

3. Waganga wamepima nini?

Huko Sweden, mwaka 2009, wagonjwa 13 wa sukari ya watu wazima walijaribiwa chakula cha namna hiyo kwa miezi 3, na kwa miezi 3 mingine chakula cha kawaida cha wagonjwa wa sukari. Katika miezi ya chakula cha kale sukari yao ilishuka zaidi. Watu 13 ni wachache. Lakini mwaka 2021 wachunguzi walikusanya majaribio 23 ya kupunguza wanga. Waliona kwamba baada ya miezi 6 wagonjwa wengi zaidi walikuwa na sukari nzuri kuliko wale wa vyakula vingine, ila baada ya miezi 12 tofauti ilikuwa imepungua. Maana yake: chakula hiki kinafanya kazi, lakini kukishika muda mrefu ni kazi ngumu.

Tena habari hiyo ni ya sukari ya watu wazima. Kuna aina nyingine, inayoshika hasa watoto na vijana, ambayo mwili hautoi insulini hata kidogo. Kabla ya mwaka 1922 waganga waliwanyima watoto hao chakula ili waishi siku chache zaidi, na bado walikufa. Januari 1922, mjini Toronto, Canada, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alichomwa sindano ya insulini, wa kwanza kati ya wagonjwa wote, akaishi miaka 13 zaidi. Mtoto wa namna hiyo asikatiwe insulini hata siku moja, awe anakula chakula gani.

4. Sahani ya Goma

Hatuna haja ya kutafuta chakula cha Ulaya. Soko la Virunga linatosha.

Gawa sahani yako hivi. Nusu nzima iwe mboga: sombe, lengalenga, kabichi, biringanya. Angalia maajabu ya muhogo: mzizi wake ni wanga mtupu, lakini jani lake ni rafiki wa mgonjwa. Sombe itwangwe vema na ichemke muda mrefu, maana jani bichi lina sumu.

Robo ya sahani iwe chakula cha kujenga mwili: sambaza wa ziwa letu, mayai, kuku, nyama, jibini ya Masisi, au maharage. Wanaofuata chakula cha kale kwa ukali wanakataza maharage. Sisi hatukatazi. Maharage yana wanga, lakini yana nyuzi nyingi na sukari yake inatoka polepole, na kwa mshahara wetu hayana mfano. Ila ukila maharage, punguza bugali zaidi.

Robo inayobaki, bugali au viazi, kiasi cha ngumi moja. Ongeza nusu ya avoka, ambayo inashibisha na karibu haina sukari. Chai iwe bila sukari. Soda moja ya sentilita 33 ina vijiko 8 au 9 vya sukari. Iache kabisa, ila siku ya hatari tutakayoieleza sasa. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze nyama na mayai kabla ya kuuliza.

5. Hatari ya shimoni: sukari kushuka

Kuna vidonge, kama glibenklamidi, vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hukula. Sindano ya insulini ni vivyo hivyo. Kipimo chako kilipangwa kulingana na bugali yako ya zamani. Ukiikata nusu leo, dawa haijui. Inaendelea kushusha sukari mpaka inapita chini ya miligramu 70. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Dalili ni hizi: kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, macho kuona giza, maneno yasiyoeleweka, hasira bila sababu. Kapita anaweza kufikiri mtu amelewa. Juu ya ngazi, karibu na mashine au katika zamu ya usiku, dakika chache za namna hiyo zinatosha kumwangusha yeye na mwenzake. Pombe, na hasa lotoko tumboni mtupu, inazidisha. Hata kufunga kwa ajili ya maombi kunaweza kuleta jambo hilo. Usifunge kabla ya kuongea na mganga.

Dawa yake ni rahisi: vijiko 3 vya sukari katika maji, au nusu ya soda. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale kitu, na asirudi kazini siku hiyo kabla ya kupimwa. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mpelekeni hospitali mbio.

6. Kabla ya kuanza

Njoo dispanseri na dawa zako zote. Tupime sukari, uzito, damu na figo. Mganga atapunguza dawa siku ile ile unapopunguza bugali, kisha tutakupima mara kwa mara wiki za kwanza. Mwambie kapita na mwenzako wa zamu kwamba una ugonjwa huu. Si aibu. Tembea na sukari mfukoni kama unavyotembea na taa.

Weka dawa na karatasi yako ya vipimo katika mfuko mmoja. Goma inajua kukimbia: Mei 2021 Nyiragongo ilipotapika, na Januari 2025 vita ilipoingia mjini, watu waliondoka usiku na nguo za mwilini. Na mkimbizi anakula anachopewa. Akirudia unga mwingi, sukari inapanda. Akikosa chakula, inashuka. Kila chakula kikibadilika, kipimo cha dawa kiulizwe upya.

Mama wa nyumba, usimpikie mgonjwa chungu chake cha pembeni kama mtu aliyetengwa. Sombe, sambaza na avoka ni chakula kizuri kwa nyumba nzima. Watoto wanaokua na mtu mzima mwenye afya waongezewe bugali. Mgonjwa apate ngumi yake moja. Chungu ni kimoja, kinachobadilika ni mwiko wa kupakulia.