Kiti na Breki: Mizani ya Mwendesha Baiskeli katika Vilima vya Gitega na Muyinga

Msafiri atokaye Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi hana budi kupanda na kushuka vilima visivyohesabika, kwani nchi ile, ambayo sehemu yake kubwa imeinuka kiasi cha mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, imekatwakatwa na mabonde yapelekayo maji yao katika mto Ruvubu. Na katika kila mteremko atawaona watu wa baiskeli, huyu amebeba mikungu ya ndizi, yule magunia ya makaa, na mwingine abiria aketiye juu ya keria katika hizo ziitwazo taksi-velo. Tangu mafuta ya magari yalipoadimika Burundi katika miaka hii ya karibuni, chombo hiki, ambacho kwa Kirundi huitwa ikinga, kimezidi kuwa tegemeo la riziki.

Mtazame mmoja wao kwa makini. Si nadra kumwona ameketi juu ya kiti kilichoteremshwa mpaka chini kabisa, magoti yakimpanda kuelekea kifuani kila akanyagapo pedeli, na afikapo kwenye mteremko hushusha mguu akaiburura kandambili yake juu ya lami, au akaikandamiza juu ya tairi, ili kupunguza mwendo. Mtu aweza kudhani kwamba haya ni mazoea mawili yasiyohusiana, walakini asili yake aghalabu ni moja: mwendeshaji huyo haziamini breki zake, na kwa kuwa haziamini, hukiteremsha kiti ili miguu yake iwe karibu na ardhi saa ya hatari. Hivyo ubovu wa breki hugeuka kuwa maradhi ya magoti. Na yeyote atakaye kuyahifadhi magoti yake, sharti aanze na breki.

Kwanza tuijue kazi ambayo breki hutakiwa kuifanya. Baiskeli ya kilo 20, mwendeshaji wa kilo 70 na mzigo wa kilo 100, jumla yake ni kilo 190. Uzito huo ukiteremka kilima chenye kimo cha mita 100 kwa mwendo wa pole usiobadilika, nguvu ambayo breki hazina budi kuimeza na kuigeuza kuwa joto yakaribia kutosha kuchemsha nusu lita ya maji baridi. Joto hilo huzaliwa katika vipande vinne vidogo vya raba vinavyosugua rimu mbili, na kazi hiyo haiwezi kukabidhiwa soli ya kandambili.

Pili, mwendo una hesabu yake, nayo haina huruma. Mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kushika breki huzidi mara nne. Kwa breki za wastani katika tambarare, mtu aendaye kilomita 18 kwa saa husimama baada ya mita 5 hivi, na aendaye kilomita 36 baada ya mita 20. Tena ni lazima tuongeze masafa anayopita katika ile sekunde moja ya kutambua hatari na kukaza mkono, nayo ni mita 5 kwa wa kwanza na 10 kwa wa pili. Basi mmoja ahitaji mita 10 na mwenziwe mita 30. Na katika njia itokayo Muyinga kwenda mpaka wa Kobero, ambako malori ya kutoka Dar es Salaam huingia nchini, tofauti hiyo ya mita 20 yaweza kuwa ndiyo uhai wenyewe. Amma wale washikao nyuma ya lori ili liwavute mlimani, kama ionekanavyo katika njia ya Bujumbura kwenda Bugarama, wajue kwamba lori likisimama ghafla, hawana wasaa hata wa ile sekunde moja.

Kwa hiyo hekima ya mteremko ni kuanza pole kileleni, wala si kutafuta upole katikati ya njia. Breki zote mbili zishikwe pamoja, kwa kukaza kidogo kidogo, kwa kuwa uzito huhamia mbele wakati wa kusimama, na breki ya mbele ikikazwa ghafla peke yake huweza kumrusha mtu juu ya usukani, ilhali ya nyuma peke yake huiburura tairi bila kuisimamisha baiskeli upesi. Mwendo upunguzwe kabla ya kuingia katika kona, baiskeli ingali imenyooka. Nao mzigo ufungwe chini na kwa kukaza, maana mzigo mrefu uyumbao humpokonya mwendeshaji mizani yake.

Katika majira ya mvua, ambayo Burundi huanza mnamo Septemba au Oktoba yakaendelea hadi Mei, kuna hatari iliyojificha. Rimu ya chuma ikilowa, raba huteleza juu yake, na breki iliyokuwa imara wakati wa kiangazi hupungukiwa sana na nguvu. Kwa hiyo breki zisuguliwe kidogo mapema ili rimu ikauke, na nafasi ya kusimama iongezwe. Kila asubuhi mwendeshaji aisukume baiskeli huku amekaza breki ya mbele, kisha ya nyuma: gurudumu likizidi kuzunguka, au mkono wa breki ukigusa usukani, fundi aitwe kabla ya abiria.

Breki zikiisha kuaminika, kiti chaweza kupandishwa. Kipimo chepesi ni hiki: keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unyooke, kisha, ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo. Hamley na Thomas, katika utafiti wao wa mwaka 1967, walieleza kuwa masafa kutoka juu ya kiti mpaka ekseli ya pedeli hiyo yawe asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa upande wa ndani. Mwenye mguu wa sentimita 80, kiti chake kiwe kama sentimita 87. Kiti kikiwa chini mno, pia ya goti hukandamizwa juu ya mfupa wa paja, na maumivu huja mbele ya goti; kikiwa juu mno, nyonga huyumba na nyuma ya goti huuma. Nguzo ya kiti isivutwe kupita alama yake, na wakati wa kusimama mtu ateremke mbele ya kiti, akanyage chini kwa mguu mmoja.

Kiti pia kiwe sawasawa, wala ncha yake isiinuke, kwani ikiinuka hukandamiza mishipa iliyo kati ya mapaja na kuleta ganzi. Mwaka 2002 watafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, walichapisha uchunguzi wao juu ya askari wa doria za baiskeli, nao walihusisha mkandamizo huo na upungufu wa nguvu za kiume. Ganzi ni onyo, wala si jambo la kuonea haya.

Ndugu mwendeshaji, spana moja na raba mpya za breki ni gharama ndogo kuliko goti lililoharibika, seuze roho ya abiria uliyepewa dhamana. Kabla ya kufunga mzigo wa kesho, tengeneza breki kwanza, kisha pandisha kiti.