Aisilandi: Mabaraza ya Watu Waliotawanyika

Aisilandi ni kisiwa cha kilomita za mraba 103,000 katika Atlantiki ya Kaskazini, kati ya Norwei na Greenland. Wakazi wake hawafiki 400,000, na zaidi ya nusu wanaishi Reykjavík na miji iliyo jirani nayo. Maisha haya ya mjini ni ya juzi tu. Kwa takribani miaka elfu moja kisiwa kizima kilikuwa cha mashamba yaliyotengana, kila familia na lake, na mara nyingi jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya mto usiovukika theluji inapoyeyuka. Mwaka 1801 Reykjavík yenyewe ilikuwa na watu wapatao 300. Mila nyingi za nchi hii zinaeleweka kwa kuanzia hapo: watu walioonana kwa nadra waliyapa makutano yao uzito mkubwa, na utawala wao ulizaliwa humo.

Walowezi walifika karne ya 9 kutoka Norwei, pamoja na wengine, wengi wao watumwa, waliotoka Ireland na Uskoti. Mapokeo yanamtaja Ingólfur Arnarson kuwa wa kwanza kuweka makazi ya kudumu, mwaka 874. Hawakuwa na mfalme wala hawakumtaka. Mwaka 930 wakuu wao walianzisha Althingi, baraza la nchi nzima lililokutana kila kiangazi kwenye bonde la Thingvellir kwa muda wa majuma mawili hivi. Sheria zilikuwa hazijaandikwa bado. Msema-sheria, aliyechaguliwa kwa kipindi cha miaka mitatu, alisimama mwambani akazisoma kwa ghibu, theluthi moja kila mwaka, na waliohudhuria walisikiliza kama kuna alichosahau. Mkulima alikuwa huru kumfuata mkuu amtakaye, hata anayekaa mbali. Kasoro ya mfumo huo ilikuwa moja, nayo kubwa: baraza lilitoa hukumu bila kuwa na askari wa kuitekeleza. Aliyeshinda kesi alikwenda mwenyewe kudai haki yake, na mshindwa akiwa na ndugu wengi, visasi vilianza. Visa vya namna hiyo ndivyo vilivyojaa katika saga, masimulizi marefu ya nathari yaliyoandikwa kwenye ngozi za ndama hasa katika karne za 13 na 14.

Hata hivyo baraza liliheshimiwa. Karibu na mwaka 1000, Wakristo na waabudu miungu ya kale walipokaribia kushikana silaha, uamuzi uliachiwa msema-sheria Thorgeir, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa dini ya kale. Inasimuliwa kuwa alijilaza chini ya joho lake mchana kutwa na usiku kucha bila kutamka neno. Alipoinuka alitangaza kwamba wote wabatizwe, ila anayetaka kutambika faraghani asisumbuliwe, na nyama ya farasi iendelee kuliwa. Ruhusa hizo zilifutwa miaka michache baadaye, lakini leo nyama ya farasi inauzwa madukani.

Vita vya koo kubwa ndivyo vilivyoumaliza uhuru huo. Kati ya 1262 na 1264 wakuu walikula kiapo cha utii kwa mfalme wa Norwei, na baadaye nchi zote mbili zikaangukia chini ya Denmark. Tangu 1602 hadi 1787 biashara yote ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara waliopewa kibali na mfalme wa Denmark, na kila wilaya iliamriwa kuuza kwa duka moja tu. Mwaka 1699 mkulima maskini aliyeitwa Hólmfastur Guðmundsson alichapwa viboko kwa sababu aliuza samaki wachache Keflavík badala ya Hafnarfjörður. Kisha, mwaka 1783, ardhi ya Laki ilipasuka na kutema lava na gesi ya sumu kwa miezi minane. Majani yaliharibika, mifugo ikafa, na njaa iliyofuata ikaondoa karibu moja ya tano ya watu wote.

Katika ufukara huo ndipo ilipostawi desturi ambayo huenda imewajenga Waaisilandi kuliko sheria yoyote: kikao cha jioni, kvöldvaka. Wakati wa baridi, siku ambazo jua huonekana kwa saa nne au tano tu, watu wote wa shamba, wenye nyumba na vibarua, walikusanyika katika chumba kimoja ambamo ndimo walimolala. Wengine walichambua sufu, wengine walisokota nyuzi au kufuma soksi, na mmoja, karibu na taa ya mafuta ya papa, aliwasomea saga au kughani tenzi. Wachungaji wa kanisa nao walipita nyumba kwa nyumba kukagua kama watoto wanaweza kusoma. Hivyo nchi isiyo na barabara, yenye shule za kuhesabika, ilikuwa na watu wengi wanaojua kusoma kabla ya mataifa tajiri zaidi. Hadi sasa zawadi ya kawaida ya Krismasi ni kitabu, na wachapishaji hutoa sehemu kubwa ya vitabu vyao miezi ya mwisho ya mwaka kwa ajili hiyo.

Madai ya kujitawala yaliongozwa karne ya 19 na mwanazuoni Jón Sigurðsson, kwa hoja na nyaraka, bila bunduki. Althingi, iliyokuwa imefutwa mwaka 1800, ilirejeshwa Reykjavík mwaka 1845 kama baraza la ushauri. Katiba ilipatikana mwaka 1874, na mwaka 1918 Aisilandi ikawa dola yenye mfalme mmoja na Denmark. Jamhuri ilitangazwa Thingvellir tarehe 17 Juni 1944, siku aliyozaliwa Jón Sigurðsson, wakati Denmark ikiwa bado imekaliwa na Wajerumani.

Bunge la leo lina wajumbe 63, na serikali huongozwa na waziri mkuu. Nchi haina jeshi, ingawa ni mwanachama mwanzilishi wa NATO. Rais huchaguliwa na wananchi kwa miaka minne, na kazi zake nyingi ni za heshima, isipokuwa moja: akikataa kutia saini sheria, inapelekwa kwa wananchi waipigie kura. Mamlaka hayo yalilala kwa miaka 60 hadi Ólafur Ragnar Grímsson alipoyatumia mwaka 2004. Aliyatumia tena baada ya benki tatu kubwa kuanguka Oktoba 2008. Katika kura za 2010 na 2011 wananchi walikataa masharti ya kulipa fedha ambazo Uingereza na Uholanzi zilikuwa zimewarudishia raia wao walioweka akiba katika mojawapo ya benki hizo.

Katika bunge hilo hata waziri mkuu huitwa kwa jina lake la kwanza, kwa kuwa Waaisilandi walio wengi hawana jina la ukoo. Mtu hutajwa kwa jina lake na la mzazi, kwa kawaida baba, kama ilivyo kwa bin na binti katika pwani ya Afrika Mashariki: Vigdís Finnbogadóttir ni Vigdís binti Finnbogi. Mke hachukui jina la mume, na katika nyumba moja baba, mama, mwana na binti huweza kuwa na majina manne tofauti ya mwisho. Vigdís huyo alichaguliwa mwaka 1980 kuwa mwanamke wa kwanza duniani kushinda urais kwa kura za wananchi. Miaka mitano nyuma, tarehe 24 Oktoba 1975, karibu asilimia 90 ya wanawake waliacha kazi za ofisini, viwandani na jikoni kwa siku nzima, na akina baba wakalazimika kwenda kazini na watoto.

Uchumi wa zamani ulisimama juu ya kondoo. Mnyama huyu angali ana msimu wake. Kondoo huachwa milimani bila mchungaji kiangazi chote, na mwezi Septemba wakulima huwafuata kwa farasi kwa siku kadhaa. Hushushwa hadi kwenye zizi la duara lililogawanywa kama chungwa lililokatwa, kila shamba na kipande chake. Kila mmoja hushika pembe, husoma alama iliyokatwa sikioni, na kumburuta kondoo hadi kwa mwenyewe. Alama hizo zimeandikishwa katika vitabu vya kila wilaya. Jioni ni nyimbo na chupa kupita mkono kwa mkono.

Chumvi ilikuwa adimu, kwa kuwa hapakuwa na kuni za kuchemshia maji ya bahari, hivyo chakula kilikaushwa, kilifukizwa moshi au kilichachushwa katika maji ya mtindi. Ng'onda huliwa kwa siagi. Mwezi wa Thorri, unaoanza katika nusu ya pili ya Januari, kuna karamu za vichwa vya kondoo, korodani za kondoo dume na papa aliyefukiwa majuma kadhaa kisha akaning'inizwa hadi sumu imtoke. Papa huyo hunuka amonia, na vijana wengi humkwepa. Karamu yenyewe, kwa sura yake ya sasa, ni ya karne ya 19 na 20, ingawa husifiwa kama ya kale mno.

Utajiri wa kweli ulitoka baharini. Ili kulinda þorskur, samaki wa maji baridi anayeuzwa sana, Aisilandi ilisogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 12 mwaka 1958, 50 mwaka 1972 na 200 mwaka 1975. Meli zake za doria zilikata nyavu za Waingereza, zikagongana na manowari zao, na mwaka 1976 Uingereza ikakubali. Mfumo wa migao uliofuata uliokoa samaki, lakini migao iliporuhusiwa kuuzwa, vijiji kadhaa vilibaki na bandari bila haki ya kuvua. Huo ni ugomvi mkubwa katika siasa za nchi, na kutotaka kugawana bahari hiyo ni sababu mojawapo ya kusita kujiunga na Umoja wa Ulaya.

Leo kuna pia watalii, walioongezeka sana baada ya mlipuko wa volkano ya Eyjafjallajökull mwaka 2010, na viwanda vya alumini vinavyotumia umeme mwingi wa mito. Maji moto ya ardhini hupasha nyumba tisa katika kila kumi. Ujuzi huo umefundishwa kwa wageni tangu 1979, wakiwemo Wakenya wengi wanaofanya kazi kwenye visima vya mvuke vya Olkaria.

Maji hayohayo hujaza mabwawa ya kuogelea, ambayo hata miji midogo inayo, wazi mwaka mzima hata theluji ikianguka. Kuogelea ni somo la lazima shuleni. Katika vidimbwi vya pembeni, vya nyuzi 38 hadi 42, mbunge na mvuvi hukaa bega kwa bega wakizungumzia bei na siasa. Sharti ni kuoga kwanza kwa sabuni, bila nguo, mbele ya wengine. Ukutani kuna mchoro unaoonyesha mahali pa kusugua, na msimamizi humrudisha asiyetii. Kwa ajili ya wageni wanaoona haya, baadhi ya mabwawa yameweka pazia. Kwa sabuni hajasamehewa mtu.