Roboti Inayomkamata Mbu kwa Mrija Wake

Familia zilizokimbia mapigano ya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini Kongo mwaka 2017 zilivuka mpaka na kupokewa Kenani, kituo cha muda katika wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia. Risasi waliziacha ng'ambo. Malaria waliikuta imewatangulia.

Ufuko wa Ziwa Mweru ni miongoni mwa sehemu zenye malaria kali kuliko zote Zambia. Watafiti wa kituo cha magonjwa ya tropiki cha Ndola, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamewafuatilia mbu wa huko kwa zaidi ya miaka kumi. Walipopita nyumba kwa nyumba na kuwapima watu, karibu nusu walikutwa na vimelea, na wengi wao hawakuwa na homa. Mbu mkuu wa huko ni Anopheles funestus. Huyu hupenda maji ya kudumu yenye majani, kama vile vinamasi na kingo za vijito, kwa hiyo hata mvua ikikatika hakosi pa kutagia.

Usiku mtego wa taa huning'inizwa karibu na kitanda chenye chandarua. Kukicha, mbu walionaswa hufikishwa mezani na mtu huinamia hadubini, kibano mkononi, akitenga tumbo upande mmoja, kichwa na kifua upande mwingine. Tumbo hueleza mbu alikunywa damu ya nani. Kifua kina habari nzito zaidi, maana humo, karibu na shingo, zimo tezi mbili za mate, na vimelea vilivyokomaa hukaa humo vikingoja mbu aume tena. Vinaitwa sporozoiti. Kimoja kina urefu wa mikromita kumi na kitu hivi. Vitano au sita vikipangwa kichwa kwa mkia ndipo vinafikia unene wa unywele.

Tezi hizo ndizo zilizowafanya wahandisi waanze kumfikiria mbu.

Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig, mtafiti mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi New York, alionyesha kwamba panya wakidungwa sporozoiti zilizodhoofishwa kwa mionzi hupata kinga. Miaka michache baadaye David Clyde, daktari aliyewahi kupambana na malaria hapa kwetu Tanganyika (Tanzania Bara ya sasa), alionyesha kwamba hata binadamu anaweza kukingwa kwa njia hiyo. Ila kinga ilipatikana kwa kuumwa na mbu walionururishwa, tena zaidi ya mara elfu moja. Nani atakubali mtoto wake achanjwe hivyo?

Stephen Hoffman na kampuni yake ya Sanaria, huko Maryland, waliamua kuzitoa sporozoiti ndani ya mbu, kuzisafisha na kuzitia kwenye chupa. Chanjo hiyo, PfSPZ, ilijaribiwa pia Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara. Watanzania waliojitolea walikingwa kwa kiwango kidogo kuliko Wamarekani, na mpaka leo inaendelea kutafitiwa. Dozi moja ina sporozoiti laki kadhaa, na kila moja imetoka kwenye tezi ya mbu aliyepasuliwa na mtu kwa sindano chini ya hadubini. Kujifunza kazi hiyo vizuri huchukua miezi. Shingo huuma, macho huchoka, na mkono ulio imara saa mbili asubuhi si ule wa saa tisa alasiri.

Ili kuirahisisha kazi hiyo, wahandisi wa kundi la Russell Taylor wa Johns Hopkins walianza na kifaa cha kawaida kabisa: kibao chenye vijishimo. Mbu wanapangwa shingo zikiwa kati ya visu viwili, vichwa vinakatwa kwa pamoja, kisha miili inabanwa na tezi zinatoka. Kinachoendesha yote ni mkono wa mtu, lakini muda wa kumfundisha mfanyakazi ulishuka kutoka miezi kadhaa hadi wiki moja na nusu hivi. Baadaye wakaongeza roboti yenye kamera. Programu iliyofundishwa kwa picha humtafuta mbu, ikatambua mrija anaonyonyea damu, na koleo jembamba likamkamata hapo na kumweka kwenye kijishimo. Mrija ndio mahali pafaapo, kwa kuwa ukimshika kifuani unaziharibu tezi zenyewe.

Taylor hakuanzia kwa mbu. Mwaka 1999 yeye na wenzake walieleza roboti ambayo kwayo daktari na mashine hushika kifaa kimoja kwa pamoja. Kihisi hupima mkono unasukuma wapi na kwa nguvu kiasi gani, mashine ikafuata polepole, na ule mtetemo ambao kila mkono wa binadamu unao haufiki kwenye ncha. Upasuaji uliolengwa zaidi na roboti hiyo ni wa retina, ambako kosa la sehemu ya kumi ya milimita laweza kumpofusha mgonjwa. Navutiwa zaidi na mashine ya aina hii kuliko ile inayofanya kazi peke yake gizani, kwa sababu uamuzi unabaki kwa mwenye ujuzi.

Sitaki msomaji wa Nchelenge adhani roboti hii inamletea chanjo kesho. PfSPZ hudungwa mshipani na kuhifadhiwa kwenye mvuke wa nitrojeni kimiminika, kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 150 chini ya sifuri. Kliniki ya kambi ya wakimbizi si mahali pepesi pa kuitunza. Chanjo za watoto zinazotolewa sasa Afrika, RTS,S na R21, hazihitaji tezi ya mbu hata mmoja, na ni vyandarua na dawa za ukutani zinazowalinda wengi usiku huu.

Msaada ulio karibu zaidi uko Uganda. Huko Makerere na Johns Hopkins wamejaribu VectorCam, kifaa kinachotumia kamera ya simu kumtambua mbu: ni wa aina gani, dume au jike, ameshiba damu au bado. Mhudumu anamweka mbu kwenye trei, simu inasoma, na mtaalamu wa wadudu anabaki na wale wenye utata. Kwa wilaya yenye wataalamu wa kuhesabika na mbu wasiohesabika, huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo simu haioni ndani ya kifua. Jibu la hapo lingali linasubiri maabara, na mtu mwenye kibano.